Mgombea Chini ya Turubai

Wasomaji watatu wameandika kuuliza kama kilichopiga chafya wiki jana chini ya turubai la pikapu ni mbuzi. Mmoja, bwana wa Longonot, anasema ni mbuzi na hataki kubishana.

Bwana wa Longonot, mbuzi hasemi "samahani."

"Samahani," ilisema sauti kutoka chini ya turubai, kisha ikapiga chafya ya pili.

Askari wa kizuizi cha barabarani alirudi nyuma hatua mbili. Mkono ukaenda kiunoni kutafuta bastola, akakumbuka amekabidhiwa rungu tu.

"Boss," alimwambia dereva, "umesema umebeba nini huko nyuma?"

"Simiti, afande. Mifuko sita."

"Na hii simiti yako iko na homa?"

Jasvinder Singh alikuwa mwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, mjini Nakuru, mjukuu wa fundi wa reli, na katika miaka hamsini na minne ya maisha yake hakuwahi kuulizwa afya ya simiti.

Kwa aliyefungia nyama gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma: ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya kampeni, saa nne unusu asubuhi, karibu na Gilgil. Ndani ya pikapu walikuwemo watu watatu ambao alfajiri ile walikuwa hawajuani. Walikutana kwenye kituo cha mafuta Naivasha, kila mmoja ameshika mwavuli wa kijani uliofunguliwa. Mvua haikuwepo. Jua lilikuwa bado halijatoka.

Mwavuli wa kijani ulikuwa alama ya Mheshimiwa Jeff Sitati, mgombea ugavana, na mtu aliyempenda Jeff hakuufunga mwavuli wake hata akiwa chooni. Walitazamana, wakacheka, wakakumbatiana kama ndugu waliopoteana. Jasvinder akasema pikapu ina nafasi. Wote walikuwa wanaenda Nakuru, kwenye mkutano wa mwisho wa Jeff, saa tisa alasiri.

Kando ya Jasvinder aliketi Celestine Nakhumicha, mpanga maua kwenye shamba moja la Naivasha na mkazi wa Kihoto, mtaa ambao ziwa limeingia majumbani bila kubisha hodi. Kiti cha nyuma alikaa Chepkemei, mkulima wa viazi kutoka Kuresoi, mama wa watu wazima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili.

Walisimama mara moja tu, kwenye kibanda cha chai mwisho wa mji wa Naivasha. Walikunywa, wakamsifu Jeff mpaka saa nne, wakaondoka. Hakuna aliyetazama nyuma ya pikapu.

Sasa askari alishika ncha ya turubai akalivuta.

Aliketi hapo mwanamume mwenye suti ya bluu, kiatu kimoja, na simiti hadi kwenye kope.

Celestine alipiga kelele. Uso ule alikuwa ameubandika kwa mikono yake kwenye milango arobaini na moja ya Kihoto.

"Mheshimiwa!"

"Jeff mwenyewe!" Chepkemei alinguruma, na magari mawili yakapunguza mwendo.

Mheshimiwa Jeff Sitati aliinua kidole mdomoni. "Nyamazeni, tafadhali. Wanataka kuniteka."

Askari alimtazama mgombea. Akaitazama barabara. Akafikiri juu ya mke wake, watoto wake, na kituo cha kazi kule mpakani ambako hupelekwa askari wanaoona mambo. Kisha akalirudisha turubai taratibu juu ya kichwa cha mgombea, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni aliyechelewa.

"Mimi sijaona kitu," alisema. "Na sitaona kitu mpaka matokeo yatangazwe. Endesha, boss."

*

Kilomita tatu mbele walimtoa chini ya turubai wakamkalisha kiti cha mbele. Celestine alihamia nyuma kwa Chepkemei.

"Ni nani alitaka kukuteka, Mheshimiwa?"

"Watu wa Gavana," alisema Jeff, akitema simiti dirishani. "Walinizingira hotelini kule ziwani. Vijana kama thelathini. Nimeruka ukuta, nimepoteza kiatu, nimeona pikapu, nimeingia. Mungu amewatuma ninyi."

"Ametutuma kweli!" alisema Chepkemei. "Wee! Ngoja nisimulie Kuresoi!"

"Asante sana, Bwana Patel," Jeff alimwambia dereva.

"Singh," alisema Jasvinder.

"Kabisa. Bwana Singh. Nakukumbuka sana."

Jasvinder alitabasamu, lakini nusu ya tabasamu ilibaki njiani. Miaka yote, wanasiasa walikuja dukani kwake kuomba mchango. Jeff alikuwa wa kwanza kuomba kura. Alikaa juu ya debe la rangi, akanywa chai mbili, akamwita ndugu yangu Singh. Jasvinder alimsimulia mkewe kisa hicho kila jioni mpaka mkewe akaanza kulala mapema.

Mtu husahau jina, alijiambia. Mtu akiwa na simiti machoni husahau mengi.

Walipofika Kikopey, harufu ya nyama choma iliingia garini, na mgombea aliyekuwa anakimbia kifo akaomba gari lisimame.

"Ninawe uso tu," alisema. "Na kama kuna mbavu, si vibaya."

Alimwachia Celestine simu yake aichaji kwenye betri yake ndogo, akajifunika shuka ya Chepkemei kichwani, akachechemea nyuma ya kibanda cha nyama. Kwa mbali alionekana kama nyanya mnene aliyekataa dawa.

Simu ikalia. Kwenye kioo kulikuwa na jina moja: Maxwel.

"Ni msaidizi wake," alisema Celestine. "Lazima wamechanganyikiwa kwa wasiwasi. Nimwambie yuko salama?"

"Mwambie, mwambie," alisema Chepkemei. "Weka sauti sote tusikie."

Celestine alibonyeza. Kabla hajasema neno, Maxwel alikuwa ameshaanza.

"Boss, uko wapi? Hao vijana wako wamejua! Kuna mjinga amewaambia uko hotelini na Gavana, ndiyo maana walikuja na miavuli kukupiga. Lakini usijali, mambo ni sawa. Gavana ameweka sahihi. Wewe mwenyekiti wa bodi ya maji, miaka mitano, gari na nyumba. Barua ya kujiondoa iko kwangu, utaisoma saa tisa jukwaani, unamuunga mkono, unashuka. Boss? Boss, unanisikia?"

Celestine alizima.

Nje, mtu alikuwa anakatakata mbavu kwenye gogo: ta, ta, ta.

"Wale vijana thelathini," alisema Jasvinder polepole, "ni sisi. Ni watu wetu."

"Bodi ya maji," alisema Celestine. "Sebule ya mama yangu iko na samaki, na yeye anapewa bodi ya maji."

Msomaji, hapa ni lazima nikueleze kwa nini binti huyu aligeuka rangi. Serikali ya kaunti ilikuwa imewapa watu wa Kihoto viwanja mahali pa juu, pakavu. Anayetaka aandike jina, malori yatakuja kumhamisha. Kitabu cha majina kilikuwa kinafungwa Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi. Celestine ndiye aliyepita mlango kwa mlango na mwavuli wake akisema msiandike. Ni ujanja wa kura, alisema. Tukihama hatutarudi. Jeff akishinda atajenga ukuta, ziwa lirudi kwao.

Familia arobaini na moja zilimsikiliza. Ya arobaini na moja ilikuwa ya mama yake, Namalwa, anayelala juu ya meza mbili zilizounganishwa.

"Lakini ukuta ulishaanza," alisema Chepkemei, akitafuta pa kushika. "Si uliniambia alikuja akaweka jiwe la msingi?"

"Aliweka. Mwezi wa tano. Jiwe jeusi, zuri."

"Hata kwetu aliweka. La ghala ya viazi, ile yenye barafu, ili viazi visioze tukingoja wanunuzi. Jeusi pia. Pembe moja imevunjika."

Celestine alimgeukia. "Ya kushoto? Chini?"

"Ya kushoto chini."

Jasvinder aliinamisha kilemba chake cha kijani mpaka kikagusa usukani.

"Hilo jiwe ni langu," alisema. "Lilianguka dukani likavunjika pembe, nikashindwa kuliuza. Alikuja kuliazima. Alisema atalirudisha Jumatatu."

*

Mgombea alirudi amenawa, ubavu mkononi, ameng'aa kama jina lake kwenye bango. Alifungua mlango akakuta nyuso tatu.

"Mmekula?" aliuliza.

"Maxwel amepiga," alisema Celestine.

Wapo watu ambao wakikamatwa huona haya. Jeff Sitati hakuwa na muda huo. Alitafuna, akameza, akajifuta vidole kwenye shuka ya Chepkemei, na alipoinua macho yalikuwa yamejaa machozi. Machozi halisi! Naapa, msomaji, hata mimi ningeshuka kumnunulia soda.

"Nililazimishwa," alisema. "Walinitisha. Mimi ni mtu mmoja, na ile ni serikali. Mnajua nilivyolala jana? Sikulala. Nilikuwa nawaza Kihoto. Nilikuwa nawaza, Kuresoi watasema nini?"

"Kuresoi tutasema ulete jiwe," alisema Chepkemei.

"Mathe, nisikilize..."

"Usiniite mathe. Niite mpiga kura."

"Tumwache hapa," alisema Jasvinder. "Na kiatu chake kimoja. Atembee mpaka Nakuru."

Na wangemwacha. Lakini Celestine alikuwa anafanya hesabu ya milango arobaini na moja, na kila alipoirudia ilifika mahali pale pale. Bila Jeff hakuna ukuta. Bila ukuta, yeye ni mwanamke aliyewazuia majirani zake kuokoka.

"Tunampeleka," alisema.

"Sista, umesikia mwenyewe!"

"Nimesikia. Atapanda jukwaani, na barua hatasoma. Atasema mbele ya watu wote hajajiondoa, ukuta utajengwa, na ghala itajengwa. Akigeuza maneno, nitashika kipaza sauti niseme nilichosikia." Alimtazama Jeff. "Umekubali?"

"Nimekubali," alisema Jeff papo hapo.

Alikubali haraka mno. Jasvinder aliliona hilo. Chepkemei aliliona. Celestine pia aliliona, kisha akachagua kutoliona, kwa sababu tumaini likishakukaa mwilini haliondoki kwa simu moja.

*

Nakuru ilikuwa kijani. Uwanja mzima ulikuwa umefunikwa na miavuli chini ya jua kali, na vumbi lilipanda mpaka kwenye paa za maduka. Umati ulipomwona Jeff akishuka kwenye pikapu ya simiti, kiatu kimoja mguuni, ulipiga ukelele ulioamsha mbwa wote wa mjini.

"Ametembea kwa miguu!" mtu alisema.

"Wamemwibia kiatu!" mwingine alisema.

Mpaka alipofika kwenye ngazi za jukwaa, alikuwa tayari amepigana na watu kumi na wawili na kuwashinda.

Walinzi walimsimamisha Jasvinder. "Wewe mzee wa Kihindi, wafadhili wanakaa upande ule."

"Mimi si mfadhili. Mimi ni mpiga kura wa hapa hapa, nimezaliwa mtaa wa reli."

"Upande ule, mzee."

Celestine na Chepkemei walipita kwa sababu Jeff alikuwa amewashika mikono kwa nguvu. Nyuma ya jukwaa Maxwel alikuwa anangoja, mwembamba, jasho shingoni, bahasha mkononi. Jeff aliichukua, akaitia mfuko wa ndani, akamkonyeza Celestine kana kwamba wao wawili ndio wenye siri.

"Subiri hapa dakika moja," alimwambia.

Akaenda kando na Chepkemei. Alimshika kiwiko, akainama sikioni mwake, akanena kwa muda mrefu. Chepkemei alitikisa kichwa kukataa. Jeff akaendelea. Chepkemei akamtazama Celestine mara moja, halafu akatazama viatu vyake vilivyobaki na udongo mwekundu wa shambani.

"Alikuwa anakuambia nini?" Celestine alimuuliza aliporudi.

"Mambo ya viazi," alisema Chepkemei.

Hakukuwa na nafasi ya kuuliza zaidi. Jeff alikuwa ameshapanda.

"Nakuru!"

"Jeff!"

"Leo asubuhi walitaka mnikose!"

Uwanja ulilia. Alisimulia ukuta wa hoteli, ambao sasa ulikuwa mrefu kuliko mnara wa kanisa. Alisimulia watekaji, ambao sasa walikuwa mia. Kuhusu kujiondoa hakusema ndiyo wala hapana. Kuhusu ukuta wa Kihoto hakugusa. Celestine alisogea hatua moja, hatua mbili, na Jeff akamwona akija.

Basi akafanya jambo la werevu. Alimgeukia, akapanua mikono.

"Na huyu! Huyu dada wa Kihoto ndiye aliyeniokoa! Njoo uwasalimie watu, dada!"

Akamwekea kipaza sauti mkononi mbele ya watu wote, huku akitabasamu. Alijua kwamba mtu ambaye hajazoea umati, akiuona wote kwa mara moja, husahau hata jina la baba yake.

Celestine alifungua mdomo. Hakika alisahau.

"Hamjambo," alisema, na uwanja ukanguruma kama lori linalopanda mlima.

Hapo ndipo simu yake mwenyewe ilipotetemeka mfukoni. Mama. Kihoto. Saa kumi kasoro dakika saba.

Kipaza sauti mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, aliweka simu sikioni.

"Celestine," alisema Namalwa, na nyuma yake zilisikika injini. "Malori yamefika. Karani ameshika kitabu, anasema akikifunga amekifunga. Watu wote wamesimama kwenye maji wananitazama mimi, kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Maji yamepanda tangu uondoke. Yule mtu wako uko naye?"

"Niko naye, Mama."

"Basi nijibu, na usinidanganye. Ukuta uko au hauko?"

Celestine alimtazama Jeff Sitati. Jeff alikuwa anapungia watu mkono. Bahasha ilitokeza ncha kwenye koti lake. Alitazama kiatu chake kimoja, na shavu lake lenye mafuta ya ubavu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano alimwona mtu huyu jinsi alivyo.

"Hakuna ukuta," alisema. "Mama, hakujawahi kuwa na ukuta. Waambie wote waandike majina. Waambie wapande malori ya Gavana sasa hivi, watu wote, asibaki mtu."

Aliyasema kwa mama yake. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umepanda wenyewe mpaka kidevuni, na spika kumi na sita za uwanja wa Nakuru zikayasema kwa watu elfu ishirini.

*Wapande malori ya Gavana.*

Mwangwi ulienda mpaka ng'ambo ya uwanja ukarudi.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya. Mwavuli mmoja ulifungwa pale mbele. Ukafungwa wa pili. Ikaanza kusikika tap, tap, tap, uwanja mzima, miavuli ikifungwa, na mwavuli uliofungwa, msomaji, ni fimbo.

"Mama, nitakupigia," Celestine alinong'ona, na spika zikanong'ona naye.

Jeff alikichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake kwa upole mkubwa, kama daktari anayechukua kisu kwa mgonjwa.

"Mmesikia kwa masikio yenu," alisema. Sauti ilikuwa ya huzuni. "Mimi sitasema kitu. Nauliza tu. Asubuhi watekaji walijua chumba changu. Ni nani aliwaambia? Ni nani ameletwa mpaka kando yangu hapa, avae kijani chetu, abebe mwavuli wetu, ili saa ya mwisho aseme maneno haya?"

"Msaliti!" sauti moja ilipaa.

"Uongo!" Hiyo ilikuwa ya Jasvinder, kutoka upande wa wafadhili. Alikuwa anasukuma watu, kilemba kimelegea. "Uongo! Mimi nilikuwa hapo! Jiwe ni langu!"

Hakuna aliyejua ni jiwe gani. Walinzi wawili walimkamata mabega wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki.

"Tusiwe watu wa kuhukumu bila shahidi," alisema Jeff, akiinua mkono. "Sisi si kama wao. Yupo mama mmoja hapa, mkulima, mtu wa haki kutoka Kuresoi. Alikuwa nasi garini tangu Gilgil. Alisikia kila kitu. Mama, panda. Njoo uwaambie Nakuru: huyu dada amenunuliwa, au hajanunuliwa?"

Chepkemei alipanda ngazi moja moja. Celestine alimwendea mikono wazi, kama walivyokumbatiana alfajiri kwenye kituo cha mafuta.

"Waambie, mathe. Waambie tulichosikia Kikopey."

Chepkemei alipita kando yake bila kumtazama, akapokea kipaza sauti, akakohoa kile kikohozi cha kuita ng'ombe bonde la pili.

"Watu wa Nakuru," alisema, "mimi sijui kusema uongo..."